Jengo Lililoipa Mgongo Barabara

Wasanifu majengo wana tabia moja ambayo huwezi kuielewa mpaka upande nao basi moja. Hawaingii mahali kwa mlango. Wakifika kwenye jengo wanalizunguka kwanza, wanagonga ukuta kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti maji, wanachuchumaa kukagua msingi, na wawili watatu kati yao wanalala chali sakafuni wapate kupiga picha ya dari. Wenye jengo, ambao mlango wanaujua na saa za kazi wanazijua, hubaki wanatazamana.

Siku ya pili ya mkutano wa wasanifu wa kanda walikuwa arobaini na wanne ndani ya basi, kutoka nchi saba, kila mmoja na kadi yake shingoni. Wa arobaini na tano hakuwa msanifu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba isianguke, amekaa kiti cha nyuma ya dereva na mkoba ameukumbatia magotini. Enzi zake alikuwa mchora ramani. Alichora miaka ishirini na sita katika ofisi moja, chini ya bosi mmoja, na pale ofisini walimwita Sentimita, kwa sababu hakuwahi kukubali hata moja ipotee, awe fundi anayebembeleza au mteja anayefoka. Jina likamganda. Hata majirani zake, ambao hawajui ramani ni mnyama gani, humwita Bi Sentimita.

Aliyemleta ni mtoto wa kaka yake, naye alimwita Shangazi, basi na sisi tumwite hivyo. Binti huyu alikuwa msanifu wa kwanza katika ukoo, na ukoo mzima ulijiona umechangia, maana hakuna aliyewahi kumnyima ushauri. Mwaka ule alikuwa amepewa kuongoza ziara ya majengo ya mji, na mwisho wa ziara asome azimio la mkutano. Wiki moja kabla alimfuata shangazi yake nyumbani, akampa shikamoo, na kabla hata hajaitikiwa vizuri akamwambia hataki kusikia habari ya goti, wala ya dawa, wala ya kuku wasio na mtu wa kuwafungia. Ziara ingeishia kwenye kliniki ya wajawazito, jengo lililochorwa na mkono wa Shangazi mwenyewe. Bosi wake wa zamani naye angekuwepo. Shangazi asipokuja, angenuniwa mwaka mzima.

Shangazi alicheka na kukubali. Tangu siku hiyo chakula hakikupanda.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kliniki ile, ambayo vitabu vinaisifu na wanafunzi wanapelekwa kuitazama, ina sifa moja kubwa: imeipa mgongo barabara. Majengo mengine yote ya umma mjini yanaitazama barabara kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kliniki yenyewe inaionyesha barabara ukuta mtupu wenye vidirisha vya juu, na veranda yake pana, yenye benchi refu la saruji, iko upande wa uani. Huko ndiko akina mama wanakosubiri, kwenye kivuli na upepo, mbali na vumbi na honi. Wasomi wameandika kurasa kwa kurasa juu ya ujasiri wa uamuzi huo, na Bosi alipewa nishani kwa ajili yake. Kila alipoulizwa wazo hilo alilipata wapi, alijibu kwamba jengo linajieleza lenyewe. Watu wakaona hiyo nayo ni hekima, wakaiandika.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyeamua chochote. Karatasi iligeuzwa, basi.

Zamani zile, kabla kompyuta hazijaingia ofisini, ramani ilichorwa kwa wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, halafu ikapitishwa kwenye mashine ya kunakili iliyonuka amonia mpaka machozi yakamtoka mtu. Ukiiweka karatasi uso juu, nakala inatoka sawa. Ukiiweka uso chini, inatoka imegeuka, kulia imekuwa kushoto, kama sura kwenye kioo. Kwa kawaida kosa hilo huonekana papo hapo, kwa kuwa maandishi yanatoka kinyumenyume. Lakini ofisi ya Bosi ilikuwa na mtindo wake. Majina ya vyumba, vipimo na mshale wa kaskazini viliandikwa kwa mkono kwenye nakala, mwisho kabisa, kwa sababu wateja walikuwa wakibadilisha mawazo mpaka dakika ya mwisho na wino haufutiki.

Siku ya kutoa nakala ya kliniki umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi saa tisa alasiri feni nayo ikaamka, ikaipeperusha karatasi kutoka kwenye mashine mpaka sakafuni, na wakati huohuo mjumbe wa mteja alikuwa mlangoni anagonga kama polisi. Sentimita akaiokota, akairudisha kwenye mashine bila kuitazama, akakimbilia mlango. Aliporudi akakuta nakala imeshatoka, akadhani alibonyeza mwenyewe kwa haraka ile, akaijaza maneno kwa mwandiko wake mzuri, chumba baada ya chumba, wala hakugundua kitu, maana jengo lilikuwa refu la kulingana, na barabara yenyewe ilikuwa kwenye ramani nyingine, ya kiwanja. Miezi mitatu ikapita. Siku moja alikwenda saiti na karatasi yake ya asili kuhakiki milango, akakuta kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango. Akaitafuta veranda upande wa barabara asiione. Alipoiona iko wapi, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Jioni akaitia ile karatasi jikoni, ikachemsha chai vikombe viwili. Alikuwa na wazazi wawili waliomtegemea na kazi moja. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, na miaka thelathini na minne ikapita hivyohivyo.

Basi, ndiyo hofu aliyopanda nayo basini asubuhi ile. Hata hivyo ziara ilianza vizuri kiasi kwamba kwa saa mbili aliisahau. Jengo la kwanza lilikuwa benki ya zamani yenye kona ya duara. Wageni walipolala sakafuni kutazama dari, mlinzi aliweka mkono kwenye kengele ya hatari, na ilibidi meneja atoke ofisini kumweleza kwamba watu hawa wana akili zao. La pili lilikuwa soko, lenye paa la zege lililokunjwakunjwa kama karatasi, nguzo nne tu na hakuna nyingine. Wasanifu arobaini na wanne walisimama midomo wazi wanatazama juu. Mwuza vitunguu naye akatazama juu, jirani yake akatazama, na baada ya dakika moja soko zima lilikuwa linatazama juu likiulizana nini kinataka kuanguka. Yule binti, mpwa wa Shangazi, akapanda juu ya kreti, akawaeleza wauzaji, si wageni, kwamba paa hilo linalowakinga mvua kila siku lina unene wa kiganja na watu wamesafiri siku mbili kuja kuliona. Mwuza vitunguu akasema yeye amekaa chini yake miaka kumi na tisa na hajawahi kuliangalia. Akavuta kigoda, akakaa, akaliangalia vizuri. Shangazi alimtazama yule binti juu ya kreti lake, mikono inapaa huku na huku, na moyo wake ukajaa furaha mpaka akaona aibu kuwa na furaha kiasi hicho hadharani.

Waliporudi basini, mpwa aligawa kijitabu. Juu yake paliandikwa Kanuni ya Mgongo. Ndani ilielezwa kwamba nchi zile saba zimekubaliana kujenga kliniki thelathini za wajawazito, na kwamba kwa kufuata mfano wa jengo watakaloliona mchana huo, kila kliniki itaipa mgongo barabara. Azimio lingesomwa leo na mwenyekiti wa mkutano angelitia saini palepale. Nyuma kulikuwa na michoro ya viwanja vinne vya kwanza. Binti alikuwa ameifanyia kazi miezi kumi na minne.

Mchora ramani akipewa mchoro hatazami jengo kwanza. Hutafuta mshale wa kaskazini, na asipouona hupata kichefuchefu. Shangazi aliuona. Akaweka kidole kwenye mshale wa kiwanja cha kwanza, akakipeleka kwenye barabara. Barabara ilikuwa mashariki. Basi mgongo mashariki, na veranda magharibi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua lingekuwa linawapiga wale wanawake usoni na tumboni, na kliniki kila mtu anajua foleni yake haiishi kabla ya saa kumi. Kiwanja cha pili hakikuwa na tatizo. Cha tatu, magharibi tena.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Siri yake ilikuwa haijawahi kumdhuru mtu. Kinyume chake, kosa lenyewe lilikuwa limewapa watu kivuli, na ndiyo sababu aliweza kuishi nalo. Sasa lilikuwa linataka kujengwa mara thelathini, na wanaosubiri kwenye mabenchi yale hawajui habari za karatasi ya mtu. Akisema, anamvua nguo mtoto wa kaka yake mbele ya nchi saba. Asiposema, itakuwaje?

Alijaribu njia ya katikati. Akamwita kwa mkono, binti akainama, na Shangazi akaanza kumwambia taratibu kuhusu veranda za kwenye michoro. Binti hakumwacha amalize. Akamwambia amezichora mwenyewe, zote, akambusu paji la uso, akaenda kumwonyesha dereva pa kukata kona. Shangazi akabaki na kijitabu magotini.

Kliniki ilikuwa na watu wengi kama kawaida yake. Wageni wakashuka, wakagonga ukuta wa barabarani, wakachuchumaa, kisha wakazunguka kona wakaingia uani. Ilikuwa saa nane na nusu. Barabarani jua lilikuwa linachoma lami. Veranda ilikuwa na ubaridi wa chungu cha maji. Wanawake ishirini na kitu walikaa kwenye benchi refu, matumbo mbele, kanga mapajani, wanapiga soga. Na katikati yao, amebanwa kati ya mjamzito wa miezi tisa na mwingine wa miezi minane, alikaa Bosi, miaka themanini na mmoja, fimbo mikononi, amevaa suti ya harusi ya mtu fulani. Alikuwa amefika mapema kwa gari lake. Alipomwona Shangazi akanyanyua fimbo juu.

"Sentimita," alisema. "Bado unapumua?"

Shangazi akamjibu kwamba anapumua, ila leo kwa shida. Bosi akacheka akidhani ni utani.

Wakati wageni wakipiga picha, Shangazi aliingia koridoni kutafuta maji. Muuguzi mkuu alimwona anavyoyumba, akamkalisha kwenye kiti nje ya chumba chake, akamletea bilauri, akarudi kwa mgonjwa wake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani alikuwa msichana mwenye mimba ya kwanza, anayejibu kila swali kwa kusema hajambo, hana tatizo, hakuna panapouma. Muuguzi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia, bila ukali, kwamba yeye ametoka mbali kwa miguu, hakuja kupunga upepo, basi aseme panapouma. "Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema. "Ukinificha mimi, unamficha na huyo mtoto." Halafu yule msichana akaanza kusema, sauti ndogo, na mara alipoanza hakunyamaza.

Shangazi akanywa maji yote. Akaweka bilauri chini ya kiti, akapiga moyo konde, akatoka veranda.

Mpwa alikuwa ameshasimama mbele ya watu na kipaza sauti cha mkononi. Alikuwa anasimulia kwa ufasaha jinsi mtu mmoja, katika enzi ambayo kila jengo lilitaka kuonekana, alivyothubutu kuligeuza jengo liwatazame wenye shida badala ya wapita njia. Wageni walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti wa mkutano, mtu mnene mpole mwenye kalamu ya dhahabu, alikuwa ameikamata tayari kalamu hiyo. Binti alipofungua karatasi ya azimio, Shangazi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kusema kabla hujasoma."

Binti akatabasamu. Alidhani shangazi yake anataka kutoa shukrani, na hilo lilikuwa ndilo jambo alilolitamani, basi akampa kipaza sauti. Shangazi hakujua pa kubonyeza. Akakishusha, akasema kwa sauti yake mwenyewe, iliyotetemeka mwanzo tu.

"Hakuna aliyeligeuza jengo hili. Mimi ndiye niliyechora, na veranda niliichora kule, upande wa barabara, kwenye jua. Siku ya kutoa nakala niliweka karatasi uso chini. Mafundi wakajenga walichopewa. Nimelificha kosa hilo miaka thelathini na minne kwa sababu ya kuogopa kazi, na baadaye kwa sababu ya kuogopa aibu. Ningekufa nalo. Lakini mnataka kulijenga mara thelathini."

Kisha akafungua kijitabu, akawaonyesha mshale, akawaonyesha barabara. Akawaambia mgongo si kitu. Hapa mgongo umeangukia magharibi kwa bahati, na jengo lenyewe linawakinga watu. Kwenye kiwanja cha kwanza na cha tatu akina mama wataungua.

Mpwa alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi, na uso wake Shangazi hakuthubutu kuutazama. Alitazama viatu vyake. Aliwaza kwamba amempoteza, na kwamba afadhali angemwambia nyumbani, angali anafungua mlango, siku ile ya kuku.

Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza, na alitaka kuokoa jahazi kwa wema. Akasema mama yetu ametugusa sana, tunamheshimu, lakini miaka thelathini na minne ni mingi na kumbukumbu nayo huzeeka. Akamwuliza kama ile karatasi ya asili ipo. Shangazi akasema haipo. Mwenyekiti akauliza ilikwenda wapi. Shangazi, ambaye siku hiyo alikuwa ameishiwa na uongo, akasema aliichemshia chai. Wajawazito walicheka kwanza, halafu wasanifu. Mwenyekiti akamgeukia binti kwa upole na kumwambia kwamba, kama hana pingamizi, waendelee na azimio kama lilivyo, maana wazee wetu husahau na kuchanganya.

Mlango ulikuwa wazi, na binti angeupita bila mtu kumlaumu. Miezi kumi na minne, nchi saba, jina lake juu ya kijitabu. Alimtazama Mwenyekiti. Akamtazama shangazi yake, aliyekuwa bado anatazama viatu.

"Shangazi yangu hajasahau kitu tangu nizaliwe," alisema. "Nilivunja sahani nikiwa na miaka minne. Mpaka leo ananiambia ilikuwa ya maua, na kipande kikubwa kiliangukia upande gani."

Akafungua kijitabu chake mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mshale wa kaskazini, taratibu, vilevile kama alivyofundishwa akiwa mdogo kwenye meza ya jikoni ya mtu fulani, akakipeleka barabarani, kutoka barabarani akakipeleka kwenye veranda. Akarudia kwenye kiwanja cha tatu. Machozi yalimlenga, akayaacha. Kisha akachukua kipaza sauti, akakibonyeza panapotakiwa, ili hata waliosimama nyuma wasikie. "Ni kweli," akasema. "Hapa nimewaweka akina mama juani. Nilipenda hadithi, nikasahau jua."

Shangazi akainua kichwa.

Ndipo fimbo ilipogonga sakafu mara tatu. Bosi alikuwa anajaribu kusimama, na wale wajawazito wawili wakamsukuma kwa nyuma mpaka akasimama. Alikuwa amekasirika.

"Sentimita, nani kakupa ruhusa ya kuchukua kosa langu?"

Watu hawakuelewa, na Shangazi ndiye hakuelewa kuliko wote. Bosi akawaeleza, mara anakohoa, mara anacheka. Siku ile ya umeme, Sentimita alipokimbilia mlango, yeye alikuwa nyuma yake. Hakuwahi kuigusa ile mashine maishani mwake, alijiona mkubwa mno kwa kazi hiyo, lakini mjumbe alikuwa anapiga kelele. Akaiona karatasi imelala, akadhani iko kinyume, akaigeuza, akabonyeza. Alipokwenda saiti na kuona veranda ilipo, alikaa garini saa nzima akiandaa barua ya kujiuzulu. Joto likamtoa garini. Akatafuta pa kukaa penye kivuli, akajikuta kwenye veranda ile isiyo na paa bado, chini ya ukuta, upepo unampiga, na mafundi wote wamejazana hapohapo wanakula. Akaichana barua. Na kila alipoulizwa wazo lile alilipata wapi, hakujua aseme nini, basi akasema jengo linajieleza lenyewe.

"Nishani nimeificha kabatini, chini ya soksi," akasema. "Kila nikivaa soksi inanitazama."

Kicheko kilianzia kwenye benchi na kikafika barabarani. Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Alisema haiwezekani, kosa ni lake, yeye ndiye aliyeiokota ile karatasi sakafuni na kuiweka bila kuitazama. Bosi akasema aliiweka sawa, kwa mazoea, mkono wake haukosei hata akifumba macho. Shangazi akasema yeye ndiye mwenye mkono huo na anaujua. Msanifu mmoja mgeni, mwenye kofia ya ukindu, aliyekuwa ameshatoa daftari na kuchora vishale, akaomba radhi na kuwaambia kwamba kama wote wawili walikosea, karatasi iligeuzwa mara mbili, na jengo lingetoka sawa. Kwa hiyo mmoja wao hana hatia.

Wazee wakatazamana. Ilikuwa habari njema, na hakuna aliyeitaka. Walikuwa wamelibeba kosa lile usiku na mchana nusu ya maisha yao, kila mmoja peke yake, na sasa lilikuwa limegeuka kitu kizuri chenye kivuli na upepo na wanawake ishirini wanaocheka, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Wakabishana mbele ya nchi saba nani hasa aliyekosea, Bosi akidai haki ya cheo, Shangazi akidai haki ya mwandiko. Muuguzi mkuu alitoka kuuliza kelele za nini, akaelezwa, akasema yeye haoni tatizo ilimradi wasiirekebishe veranda.

Azimio liliandikwa upya palepale, juu ya benchi. Mpwa alikata kurasa zote mbili za azimio la zamani kwa mstari mmoja, akawauliza wanawake waliokaa wanasubiri saa ngapi mpaka saa ngapi, na jua linawasumbua wapi, akaandika majibu yao. Mwishoni azimio likawa na sentensi mbili. Veranda iwekwe palipo na kivuli na upepo saa za kusubiri, na kila kiwanja kitazamwe kwa macho kabla hakijachorwa. Barabara itajijua. Mwenyekiti alihesabu, akasema anaona ni tatu. Binti akamwambia ya tatu ni ya shangazi yake, alikuwa anaisema kwa sauti tu, lakini Mwenyekiti akaipenda na kuiacha, akatia saini kwa kalamu yake ya dhahabu.

Ziara ilikuwa imeisha, na basi lilikuwa linasubiri kuwarudisha wageni mkutanoni. Dereva alipiga honi, akapiga tena, lakini ukuta wa mgongo uliimeza sauti na wageni walikuwa wamekaa sakafuni, migongo kwenye saruji baridi, viatu wamevua, wanasimuliana makosa yao. Ilionekana kila mmoja analo. Yule wa kofia aliwahi kusahau ngazi.

Binti akaja akajibana kwenye benchi kando ya shangazi yake. Shangazi alitaka kuomba msamaha, lakini kila alipofungua mdomo ulikuja mkono ukaushika wake, basi akaacha. Mwishowe binti akamwambia kwamba Jumatatu anakwenda kwenye kiwanja cha kwanza, na kwamba kwenye gari nafasi ipo.

"Mimi nikafanye nini huko?" Shangazi akauliza.

"Ukakosee."

Shangazi alicheka mpaka miwani ikaanguka na kubaki inaning'inia kwenye kamba. Akasema sawa, atakwenda, ila waondoke alfajiri, maana kabla hajakosea chochote anataka kwanza kuona pale jua linatokea wapi.